Gari la marehemu baba: kulichinja nyumbani bila kuacha sumu kihambani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kibosho na ninafanya kazi Dodoma. Marehemu baba alituachia gari aina ya Toyota Corolla 110 ambalo halijawashwa tangu mwaka 2016. Limesimama kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, chini ya mparachichi, nyuma ya banda la ng'ombe, na mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, unapita hatua kama kumi kutoka hapo. Mama anataka uwanja wake. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja mara mbili akitaka kulichukua zima pamoja na kadi yake. Kaka zangu wanasema tulichinje wenyewe, yaani tulifungue vipande vipande, Desemba tukienda likizo, tuuze spea, na chuma kitakachobaki kipimwe kwa kilo. Je, kazi hii inafanyika nyumbani, na tuanzie wapi?

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba wa mzee, hata kama miaka imepita.

Kazi hiyo inafanyika nyumbani, lakini si yote. Nina zaidi ya miaka thelathini katika ufundi wa magari hapa Moshi, sehemu kubwa nikiwafundisha vijana, na nimeona magari mengi yakichinjwa uwanjani. Familia yenye spana za kawaida, jeki nzuri na subira inaweza kulifungua gari la namna hiyo mpaka likabaki bodi tupu. Kazi ambazo ningewakataza kabisa kuzifanya wenyewe ni nne: kutoa gesi ya AC, kufungua eabegi (mfuko wa hewa wa kumkinga dereva), kulikata tenki la mafuta, na kuikata bodi kwa moto. Nyingine zote zinafundishika. Ninachokuomba, na ndicho nitakachokishikilia katika jibu hili lote, ni kwamba msianze na spana. Anzeni na karatasi, kisha toeni kila kilicho majimaji ndani ya gari, na chuma kije mwisho. Wanaokimbilia chuma ndio wanaoungua, na ndio wanaobaki na kiraka cha ardhi kisichoota hata majani.

Gari la marehemu ni mali ya mirathi, na mwenye mamlaka ya kuliuza, liwe zima au vipande vipande, ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama ukoo ulikwisha kukaa, muhtasari ukaandikwa na mmoja wenu akateuliwa na mahakama, basi yeye ndiye atie saini katika kila mauzo, hata ya taa moja. Kama hamjafanya hivyo, fanyeni kwanza. Nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya injini iliyouzwa na mmoja wao wakati wengine wakiwa safarini, na aliyeiuza hakuwa mwizi hata kidogo. Alichokosa ni karatasi ya kumlinda.

Kuhusu mnunuzi anayetaka kadi, msimpe. Namba ya chesesi ya gari lenu imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dashibodi. Fungueni boneti, futeni vumbi kwa kitambaa chenye dizeli, mtaiona. Mtu mwenye kadi halisi, vibao vya namba na kipande hicho cha chuma amepata kila anachohitaji kulivalisha gari la wizi jina la baba yenu, na siku litakapokamatwa mpakani, jina litakalosomwa ni la mzee. Chuma hupimwa kwa mizani, na mizani haisomi kadi. Utaratibu salama ni msimamizi wa mirathi kwenda TRA, ambao ndio wanaotunza daftari la usajili, akiwa na barua inayoeleza kwamba gari linavunjwa na halitarudi barabarani, pamoja na kadi halisi na vibao vyote viwili vya namba, kisha aombe uthibitisho wa maandishi kwamba gari limefutwa. Msiende kwa hofu ya deni linalojilimbikiza kwa miaka yote ambayo gari limesimama, kwa sababu ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017; ulizeni tu kama kuna kilichobaki kabla ya hapo.

Hata hivyo, mnunuzi mwaminifu anaweza kutaka kuona kwamba gari ni lenu, na hiyo ni haki yake, maana naye anajilinda na mali ya wizi. Mwonyesheni nakala. Nanyi mwombeni awaonyeshe kibali chake: biashara ya chuma chakavu hapa nchini inasimamiwa chini ya kanuni za taka hatarishi, na anayeifanya anatakiwa awe na kibali. Anayekuja na toroli usiku na kuondoka bila kuandikiana si wa kufanya naye biashara, hata bei yake ikiwa nzuri.

Sasa tuje kwenye mahali penyewe, kwa sababu maelezo yako yamenitia wasiwasi kuliko unavyodhani. Mfongo ukiwa hatua kumi kutoka kwenye gari, kosa lenu haliishii kwenu. Maji hayo yanapita kwa jirani wa chini, anayanyweshea migomba na kahawa, na wapo wanaoyachota kwa ajili ya mifugo na kufulia. Gari lisifunguliwe pale lilipo. Tafuteni sehemu tambarare, mbali na banda na mbali na jiko la nje, kisha mwageni ndoo moja ya maji na muangalie yanakimbilia wapi. Yakielekea kwenye mfongo, tafuteni pengine. Kwa kuwa gari halijasogea kwa miaka mingi, breki za nyuma zitakuwa zimeshikwa na kutu na tairi zimelala; azimeni ringi nne zenye upepo, legezeni breki ya mkono, na kama gurudumu bado linagoma, pigeni ngoma ya breki taratibu kwa nyundo huku mtu mwingine akilisukuma gari kwa kulirudisha nyuma na mbele. Ngoma hizo zikifunguliwa baadaye, lile vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Lining'i (vipande vinavyosuguana na ngoma ya breki) nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu na kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Nyunyizieni maji kwanza, mfute kwa kitambaa, na kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa.

Udongo wa mlimani ni laini, hasa mvua ikinyesha. Jeki isiwekwe moja kwa moja ardhini. Iwekwe juu ya ubao mnene. Baada ya kulinyanyua gari, lishikwe na stendi za chuma au magogo yaliyokatwa sawasawa, na mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, wala lililoegemezwa kwenye tofali za saruji. Tofali haipindi kabla ya kuvunjika, kwa hiyo haitoi onyo. Chini ya injini tandikeni turubai, na juu ya turubai mwageni maranda ya mbao ili yanywe matone yatakayowaponyoka.

Cha kwanza kutoka ni betri. Fungueni waya wa hasi, kisha wa chanya, muibebe ikiwa wima kwa mikono yenye glavu. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni madini ya risasi, na majimaji yake ni tindikali ya salfa. Ikimwagika ardhini, nyunyizieni magadi ya kutosha, haya haya tunayopikia makande, mpaka iache kutoa povu. Ikimwingia mtu jichoni, aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa nzima kisha apelekwe hospitali, bila kusubiri kuona kama maumivu yatapungua.

Waelewesheni vizuri watu wa nyumbani kwenu kuhusu betri na ng'ombe, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia moyo. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa Uru kununua injini kwa familia moja, nikakuta betri mbili zilizopasuka zimeegemezwa kwenye ukuta wa banda. Ndama wao alikuwa akizilamba kwa siku kadhaa, maana ng'ombe huvutwa na ladha ya chumvichumvi iliyomo kwenye betri zilizopasuka. Nilipofika alikuwa hauoni mkono wangu mbele ya macho yake. Alisimama akiwa ameusukuma ukuta kwa paji la uso, akisaga meno, na mama mwenye ndama alidhani amerogwa. Alikufa siku ya tatu. Mtoto wa binadamu mara nyingi haonyeshi dalili kali namna hiyo, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu risasi huathiri ubongo unaokua hata kwa kiasi kidogo ambacho hakuna mtu wa nyumbani atakayekigundua. Betri isifunguliwe, isimwagwe tindikali ili ipungue uzito, na bamba zake zisiyeyushwe jikoni na yeyote anayedai anajua kazi hiyo. Iuzwe nzima kwa mnunuzi wa betri mwenye kibali.

Kabla ya kugusa mabomba yoyote ya mbele, mwiteni fundi wa AC mwenye mashine ya kunyonya gesi, au lisukumeni gari mpaka kwake kama ni karibu. Magari ya kizazi hicho hutumia gesi ya R-134a, ambayo kilo moja ikiachiwa hewani hupasha joto dunia kama zaidi ya kilo elfu moja za hewa ya ukaa. Ni miongoni mwa gesi zilizowekewa utaratibu wa kupunguzwa katika marekebisho ya Itifaki ya Montreal yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016. Sisi tunaoishi chini ya mlima ambao barafu yake tunaiona ikipungua tuna sababu ya kulijali jambo hili kuliko wengi. Zaidi ya hayo, gesi hiyo ikitoka kwa kishindo huunguza ngozi kwa baridi. Inawezekana yote imekwisha kuvuja. Fundi atajua kwa dakika moja kwa kupima presha.

Kisha oili. Injini ya gari lenu ina takriban lita tatu, na giaboksi ina yake. Oili iliyokaa miaka mingi ni nzito, kwa hiyo fungueni nati ya chini asubuhi na muiache itiririke ndani ya beseni mpaka mchana. Mafuta ya breki na ya usukani yatoke kila moja kwa chombo chake, kwa sababu oili iliyochanganywa na vitu vingine haina anayeitaka, wakati ile iliyo peke yake hukusanywa na gereji kubwa kwa ajili ya wakusanyaji wenye kibali. Tumieni madumu yenye vifuniko vinavyokaza na muandike kwa kalamu ya rangi kilichomo, maana nyumba za kijijini hazikosi dumu la mafuta ya kupikia linalofanana nayo. Najua desturi ya kupaka nguzo oili chafu ili mchwa wasizile. Ningependa desturi hiyo ife, na walau isifanyike kwenye mbao za banda ambazo ng'ombe atazilamba.

Maji ya rejeta nayo yana hatari isiyoonekana. Yakiwa na rangi ya kijani au nyekundu, hiyo ni kulanti, na sumu yake ina ladha tamu inayowavuta mbwa na watoto wadogo. Kiasi kidogo tu huharibu figo. Yasimwagwe chini na yasiachwe kwenye beseni usiku. Kama mzee alikuwa akiweka maji matupu, kama wengi wetu tunavyofanya, hofu hiyo haipo.

Tenki la petroli nimeliweka peke yake kwa sababu ndilo lililowaumiza wengi ninaowafahamu. Watu huamini kwamba tenki tupu ni salama, na ukweli ni kinyume chake: tenki lililojaa lina petroli nyingi na hewa kidogo, wakati tenki tupu limejaa mchanganyiko wa mvuke na hewa, na mvuke huo ukifika kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, cheche moja inatosha kuulipua. Mabaki ya petroli yaliyoganda kwenye pembe za tenki hutoa mvuke upya kila yanapopata joto. Katika uwanja mmoja wa magari hapa mjini, kijana alikata kwa grainda tenki lililokuwa limekaa kavu, kama alivyoamini, kwa miaka miwili. Mlipuko ulilikunjua tenki kama karatasi. Alipona, lakini ngozi ya mikono yake yote miwili ilibadilika, na mpaka leo hawezi kukunja ngumi. Sijawahi tena kumruhusu mwanafunzi kusogeza grainda, gesi ya kukatia wala mashine ya kuchomelea karibu na tenki, liwe la petroli au la dizeli.

Katika Corolla, pampu ya mafuta imo ndani ya tenki, na kifuniko chake kiko chini ya siti ya nyuma. Fungueni kwanza mfuniko wa kujazia ili presha ipungue. Viungio vya mabomba vilegezwe polepole vikiwa vimezungushiwa kitambaa, kisha mafuta yaliyobaki yavutwe kwa pampu ya mkono, kamwe yasivutwe kwa mdomo. Betri iwe imekwisha kutolewa tangu mwanzo, na kazi ifanyike siku ambayo jiko la kuni la mama halijawashwa, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini kwa chini mpaka unapokutana na moto. Wekeni karibu mchanga mkavu ndoo mbili na mtungi wa kuzimia moto wa unga, na namba ya Zimamoto, 114, iwe imehifadhiwa kwenye simu ya kila mmoja. Petroli hiyo ya miaka mingi imeoza. Haifai kwenye pikipiki, na mtu asiithubutu kuichanganya na mafuta ya taa kwenye koroboi au jiko la utambi. Tenki lenyewe liachwe wazi kivulini kwa siku kadhaa, midomo yote ikiwa haina vifuniko, kisha litolewe kwa mnunuzi likiwa zima.

Hapo sasa ndipo spana zinapoanza kazi, na hapa kaka zako watafurahi. Thamani ya gari hilo haiko kwenye kilo. Iko kwenye vitu vinavyotoka vizima na vinavyoaminika, maana Corolla za umri huo bado zinatembea kwa wingi Moshi na Arusha, na wenye nazo wanatafuta spea kila siku. Alteneta, stata, kompresa ya AC, kompyuta ya injini, taa, vioo vya pembeni, milango yenye vioo vyake, rejeta, siti na ringi ni vitu vya kutolewa kwa mikono ya upole. Waya usikatwe karibu na plagi. Acheni urefu wa kiganja ili fundi mwingine apate pa kuungia. Kila bolti irudishwe kwenye tundu lake baada ya kifaa kutoka, au iwekwe kwenye kopo la Kimbo lililoandikwa ni za wapi. Mkiwa na betri ya kuazima na injini ikakubali kuzunguka kabla hamjatoa oili na mafuta, irekodini kwa simu ikinguruma, kwa sababu injini iliyosikika huuzwa kwa bei tofauti kabisa na injini iliyolala chini. Isiwashwe, hata hivyo, kabla ya kuzungushwa kwa mkono kwa spana mizunguko miwili. Ikiwa imekamata, acheni.

Kuna vitu ambavyo nawasihi msiviuze hata akitokea wa kuvitaka: mikanda ya usalama, mipira ya breki, pedi za breki na tairi za zamani. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi ya umri huo inaweza kuonekana nzima ilhali mpira wake umekufa, na atakayeifunga atapanda nayo barabara ya Himo akiwa na watoto.

Kwenye ekzosi kuna chombo ambacho mafundi wanakiita masega, kwa kuwa ndani yake kuna matundu kama ya sega la nyuki. Matundu hayo yamepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, ambayo ni ya thamani kubwa kwa uzito mdogo sana. Mnunuzi wa vyuma mara nyingi huyachukua masega kimya kimya kana kwamba ni kipande cha bomba. Yatoeni mapema kwa kufungua bolti zake, myaweke ndani, na mpate bei kutoka kwa wanunuzi wawili au watatu.

Eabegi nimekwisha kusema si kazi yenu. Kama usukani una alama ya SRS, ndani yake kuna baruti ndogo inayolipuka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na waya zake kwa kawaida huwa na plagi za njano. Betri ikiwa imetoka muda mrefu hatari inapungua, lakini haiishi. Mwiteni fundi umeme wa magari aitoe, na mtu asikae mbele yake wakati wa kazi. Hali kadhalika, springi za mbele zimebanwa pamoja na shokapu. Nati kubwa ya katikati, ile ya juu kabisa, isiguswe bila kifaa cha kubania springi, kwa sababu springi ikiachiwa huruka kwa nguvu inayoweza kuvunja taya. Fungueni nati ndogo za pembeni, mtoe springi na shokapu vikiwa kitu kimoja, na mviuze hivyo hivyo. Injini pamoja na giaboksi vinazidi kilo 150. Vitolewe kwa cheni bloku iliyofungwa kwenye miguu mitatu ya bomba imara. Tawi la mparachichi lisitumike, hata lionekane nene namna gani, maana mti huo hukatika ghafla.

Nyaya zikibaki, kaka zako watashawishika kuzichoma ili wapate shaba. Wasifanye hivyo. Plastiki inayofunika nyaya ikiungua hutoa moshi wenye tindikali na sumu zinazotua kwenye majani ya ng'ombe na kurudi mezani kupitia maziwa, na isitoshe shaba iliyoungua hupoteza bei. Zichuneni kwa kisu jioni mkizungumza, au muziuze zilivyo. Sponji za siti na mazulia nayo yasichomwe, kwa sababu moshi wake unaua mtu aliye ndani ya nyumba kabla ya moto kumfikia.

Wakati wa kuuza vyuma, tengeni mafungu: chuma cha kawaida, aluminiamu, shaba na nyaya. Tumieni sumaku ya spika mbovu. Isiyoshika ni aluminiamu au shaba, nayo haipaswi kupimwa pamoja na chuma. Silinda hedi, ganda la giaboksi na ringi za spoti kwa kawaida ni aluminiamu. Mizani nayo ijaribiwe mbele ya wote kwa mfuko mzima wa saruji ambao haujafunguliwa, maana huo unajulikana ni kilo 50. Mizani ikisema 42, mmeshajua mnazungumza na mtu wa namna gani, na mmejua bila kugombana. Bodi tupu ichukuliwe na gari la mnunuzi ikakatwe kwake. Kabla haijaondoka, kile kipande chenye namba ya chesesi kipigwe picha, na katika hati ya mauziano iandikwe namba hiyo na kwamba bodi imeuzwa kama chuma chakavu tu.

Limebaki suala la Desemba. Ninaelewa kwamba ndio wakati pekee ambao ninyi nyote mnakuwa Kibosho, lakini ndio wakati ambao uwanja wa kila nyumba ya Mchagga umejaa watoto, wageni na moto wa nyama, na mara nyingi mvua za vuli hazijaisha. Siwezi kuwashauri mfungue tenki la petroli tarehe 23 Desemba huku ndafu ikiandaliwa upande wa pili wa nyumba. Tumieni Desemba kukaa kikao, kumaliza habari ya mirathi na TRA, kuzungumza na wanunuzi na kulisogeza gari mbali na mfongo. Kazi yenyewe ifanyike mwishoni mwa Januari au Februari, wakati wa jua kali, na kaka wawili pamoja na fundi mmoja wa kulipwa wanaimaliza kwa siku sita au saba bila haraka. Udongo ulioloa oili chini ya mparachichi uchimbwe mpaka pale rangi yake inaporudi ya kawaida, uwekwe kwenye mifuko na uondoke pamoja na maranda yaliyotumika. Usitupwe kwenye migomba.

Betri, hata hivyo, isisubiri Januari. Kama ingali ndani ya gari hilo nyuma ya banda, mpigie simu leo ndugu aliye karibu na mama, aitoe, aiweke ndani ya beseni la plastiki kwenye stoo yenye kufuli, na aoshe mikono kabla ya kwenda kukamua.